Ayubu wa Sura ya Tatu

Neno ajali lina historia inayostahili kutazamwa na kila apendaye lugha hii. Huko Uarabuni lilikotoka maana yake ni muda uliokadiriwa, siku ambayo Muumba amemwandikia mja wake, isiyotangulia wala kuchelewa. Kiswahili cha zamani kililipokea kwa maana hiyo hiyo, na methali isemayo kwamba ajali haina kinga ilitungwa na watu waliokuwa wakizungumzia majaaliwa, si magari. Leo ajali ni jambo lililotokea pasi na mtu kulikusudia: basi limepinduka, meli imezama, ndege imeanguka. Hivyo neno moja limebeba fikra mbili zisizopatana, ya kwanza kwamba jambo lilipangwa tangu azali, na ya pili kwamba halikupangwa na yeyote. Msemaji hutamka zote mbili kwa pumzi moja, na aghalabu hatambui.

Msomaji wa visiwani hahitaji kufundishwa uzito wa neno hilo. Tarehe 10 Septemba 2011, usiku wa kuamkia Jumamosi, meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Miaka mitano baadaye, tarehe ile ile na siku ile ile ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, ardhi ilitetemeka Kagera, na kuta za nyumba za Bukoba, Missenyi na Muleba zikawaangukia waliokuwamo. Ilikuwa yapata saa tisa na nusu ya mchana. Walikufa watu wasiopungua 17, mamia wakajeruhiwa, na maelfu wakalala nje, migombani, wakiogopa kurudi chini ya mapaa yao wenyewe. Ulingano wa tarehe hizi ni bahati tu, nao hauthibitishi lolote. Lakini katika misiba yote miwili wafiwa waliambiwa maneno yale yale, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Na hata yakiwa ya kweli, yafaa kuambiwa nani, na lini? Bukoba ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hili kwa mtazamo wa Kikristo, maana ni nchi iliyopokea Ukristo mapema na kwa moyo mkunjufu. Wamisionari wa Kikatoliki walijenga Kashozi mwaka 1892. Uprotestanti uliingia kutoka Uganda, ukachukuliwa baadaye na Walutheri. Na kutoka nchi hii alitoka Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuvishwa ukardinali, mwaka 1960. Ni nchi ya makanisa, ya kwaya na ya ushuhuda. Nayo ndiyo nchi iliyopatwa, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, na vita vya Idi Amin kuanzia mwishoni mwa 1978, na UKIMWI kuanzia 1983, na kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tetemeko la 2016, na ndege iliyoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022, na homa ya Marburg mwaka 2023, ambapo katika wagonjwa 9 walikufa 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Mtu aliyezaliwa Bukoba mwaka 1970 ameshuhudia yote hayo. Wahaya huwazika wafu wao kibanjani, kati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Anayekwenda kukata ndizi za chakula cha mchana hupita kaburini kwa mama yake. Hapo swali la mateso si la chuo cha theolojia.

Kabla ya Ukristo swali hili halikuwa na makali haya. Ziwa lilikuwa na mwenyewe, Mugasha, bwana wa maji na wa dhoruba, na mtumbwi ukimezwa ilijulikana ni nani aliyekasirika na apelekewe nini. Palipo na nguvu nyingi zinazoshindana, mateso huwa na anwani. Ni pale watu wanapofundishwa kwamba Mungu ni mmoja tu, kwamba anaweza kila kitu, na kwamba ni mwema, ndipo mtoto mchanga anayekufa anapogeuka kuwa fumbo. Mkristo na Mwislamu wamo katika chombo kimoja hapa. Wahubiri wamejaribu kulipunguza fumbo hilo kwa kitenzi kimoja: Mungu hakuleta, wanasema, ila ameruhusu. Kitenzi hicho hakiwezi kubeba mzigo wote. Mlinzi wa lango aliyemwona mwizi akija, mwenye bunduki na uwezo wa kumzuia, asimzuie, hatakuwa mwizi, ila wenye nyumba watakuwa na neno naye asubuhi.

Jibu la kwanza, na la kale kuliko yote, ni adhabu. Mtu anateseka kwa kuwa ametenda. Bukoba ililijua jibu hili kwa gharama kubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walikuwa watatu, mkoani Kagera, mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapewa jina la kitaalamu watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizoingia na wafanyabiashara kutoka Uganda. Jina hilo peke yake lilikuwa hukumu, kwani lilitaja biashara ya magendo, tamaa ya nguo na wanawake waliodhaniwa kuzipata kwa miili yao. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Mimbarini ilihubiriwa Sodoma. Mjane aliyemzika mumewe alirudi nyumbani akiwa na msiba na tuhuma pamoja, na watoto wake wakaogopwa kama kwamba walikuwa na kosa la kuzaliwa.

Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa katika hospitali za umma, hoja ya adhabu imebaki na kazi ngumu. Ni hukumu gani ya Mungu inayobatilishwa kwa kidonge kimoja kwa siku? Kama Mungu aliwaadhibu waliougua mwaka 1988, je, aliwasamehe waliougua mwaka 2008 kwa sababu tu kiwanda cha India kilifanikiwa kutengeneza dawa kwa bei nafuu? Na mtoto aliyeambukizwa kwa ziwa la mama alihukumiwa kwa lipi? Sababu ni jambo moja na hukumu ni jambo jingine. Virusi vina njia yao ya kuenea, kama ukuta usio na nguzo ulivyo na njia yake ya kuanguka, na kuijua njia hiyo hakumfanyi ajuaye kuwa hakimu.

MV Bukoba ilitoa mfano mkali zaidi. Miongoni mwa watu zaidi ya 800 waliokufa siku ile karibu na Mwanza alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa viongozi wakuu wa kijeshi wa al-Qaeda. Mwenye kupenda hoja ya adhabu aweza kusema kwamba hapo mkono wa Mungu ulionekana. Basi na aendelee kuhesabu: kwa ajili ya mtu huyo mmoja walizama mamia ya wachuuzi, wanafunzi na akina mama wenye watoto migongoni, na baada ya miaka miwili na ushei, tarehe 7 Agosti 1998, wenzake walilipua balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam bila yeye. Adhabu iliyowaua wasiohusika na isiyozuia uovu uliokusudiwa kuadhibiwa haiwezi kuitwa haki hata mahakama ya mwanzo.

La ajabu ni kwamba Mkristo hana haja ya kungoja falsafa imkanye. Injili ya Luka, sura ya 13, inasimulia jinsi Yesu alivyoitaja ajali iliyokuwa midomoni mwa watu wa Yerusalemu, mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Aliwauliza wasikilizaji kama wanadhani wale 18 walikuwa wakosefu kuliko wengine wote wa mji ule, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Watu 18 na mnara ulioanguka: hesabu yake inakaribia mno ile ya Kagera. Mhubiri aliyesimama baada ya tetemeko na kuutangazia umma kwamba Bukoba inalipishwa dhambi zake alikuwa na sura hiyo ndani ya kitabu alichokishika mkononi. Ni haki kuongeza kwamba Injili haiko laini kila mahali. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanauliza nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu. Yesu anakana kwamba ni yeye au wazazi wake, ila anasema ni ili kazi za Mungu zidhihirishwe. Sehemu ya kwanza ya jibu huliondoa jiwe kifuani. Sehemu ya pili hurudisha jiwe dogo: je, mtu aishi gizani miaka yote ile ili awe ishara? Wafasiri wamejitahidi, na baadhi wameigawa sentensi upya, lakini msomaji mwaminifu hukwaruzwa bado.

Jibu la pili ni uhuru. Mungu alimwumba mwanadamu akiwa na hiari, na hiari isiyoweza kukosea si hiari. Mateso mengi ni matunda ya mikono yetu. Jibu hili lina nguvu kubwa, na wakazi wa Bukoba na wa Pemba wangefaa kulisikia mara nyingi zaidi kuliko wanavyolisikia, kwa sababu linawataja wahusika. MV Bukoba iliundwa kuchukua abiria 430. Ilipofika Kemondo watu waliendelea kupanda, na orodha ya daraja la chini haikuwapo. Ilipopinduka ikabaki imeelea kifudifudi, waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati. Waokoaji wakatoboa tundu, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama na waliokuwa wakigonga. Spice Islander nayo ilijazwa kupita kiasi. Kusema juu ya misiba hiyo kwamba kazi ya Mungu haina makosa ni kumtwika Mungu makosa ya wakata tiketi. Hapa msemo unaosikika kama uchaji huwa ni maficho. Kila ajali ikishakuwa majaaliwa, hakuna mkaguzi atakayeulizwa.

Hata tetemeko lina sehemu yake ya kibinadamu. Mwaka 1755, siku ya Watakatifu Wote, Lisbon iliangamizwa na tetemeko, mawimbi na moto, watu wakiwa makanisani. Voltaire aliandika shairi kuwashambulia wanafalsafa waliodai kwamba dunia hii ndiyo bora kuliko zote zilizowezekana. Rousseau akamjibu mwaka uliofuata kwamba si maumbile yaliyozijenga kule maelfu ya nyumba za ghorofa nyingi zilizosongamana. Msonge wa kale wa Kihaya, uliofumwa kwa miti na nyasi kutoka kileleni hadi chini, ungetikisika mchana ule wa Septemba ukamwagia wenyewe vumbi. Zilizoua ni kuta za tofali zisizofungwa kwa nondo. Lakini tofali zilikuwa maendeleo. Mtu aliuza kahawa miaka kumi ili aihame nyasi. Rousseau alikuwa sahihi kwa nusu tu. Tofali haikuitikisa ardhi. Bonde la Ufa linapanuka kwa nguvu zilizokuwapo kabla ya Adamu kupewa hiari yoyote, na mtu aliyejenga kwa unyofu kadiri ya kipato chake hakuchagua chochote kibaya. Kwa hiyo hoja ya uhuru hufika ukingoni. Hulieleza lango lililoachwa wazi na binadamu, hailielezi lile lililo chini ya ardhi.

Wako wasemao basi kwamba dunia ni shule, na mateso ni mwalimu. Wazo linalonasibishwa na Ireneo, askofu wa karne ya pili, na ambalo kila mhubiri wa mazishi hulijua hata kama hajalisikia jina la askofu huyo. Ushahidi wake Bukoba na Muleba upo. Vizazi viwili vya bibi viliwalea wajukuu ambao wazazi wao walilala kibanjani. Kanisa la Kilutheri la Kaskazini Magharibi liliunda huduma ya watoto yatima, Huyawa, na Wakatoliki nao walikuwa na zao. Ukarimu ule ulikuwa mkubwa, na hakuna anayeweza kuukana. Lakini hoja inamhitaji bibi aseme zaidi ya hapo. Inamhitaji akubali kwamba vifo vya watoto wake wanne vilikuwa ada ya shule yake yeye. Hakuna bibi mwenye akili timamu atakayekubali, na iko sababu ya kuona kwamba kukataa kwake ni kwa kimaadili zaidi kuliko hoja yenyewe. Katika riwaya ya Dostoevsky, Ivan Karamazov anakataa upatano wowote wa milele uliojengwa juu ya machozi ya mtoto mmoja. Ivan hana Mungu, au anamrudishia Mungu tiketi yake; bibi wa Muleba anaye, na bado angemwunga mkono Ivan katika hilo moja. Wema unaozaliwa katika msiba ni wema wa kweli. Si bei ya msiba.

Hapo ndipo anapoingia Ayubu, ambaye wasomaji wa pwani wamemjua tangu utotoni. Katika mapokeo ya Kiislamu yeye ni Nabii wa subira, na Kiswahili kina Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha London mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ayubu huyo hupoteza mali, watoto na afya, na ulimi wake haukengeuki. Mazishini Bukoba anasomwa Ayubu anayefanana naye: yule wa sura ya kwanza, aliyeanguka kifudifudi akakiri kwamba alitoka tumboni mwa mama yake bila kitu na kwamba Aliyetoa ndiye aliyetwaa. Msomaji hufunga kitabu hapo, waombolezaji wakaitikia amina.

Kitabu chenyewe hakifungiki hapo. Baada ya siku saba za ukimya, sura ya tatu inafunguka na mtu yule yule akiilaani siku aliyozaliwa. Tangu hapo, kwa karibu sura thelathini za ushairi mzito, Ayubu wa Kiebrania hashiki subira. Anadai kesi. Anataka mwamuzi wa kumweka mkono yeye na Mungu pamoja. Anasema Mungu anamwinda kama simba. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanashtuka na kumtetea Mungu kwa hoja zile zile zilizopimwa hapo juu: umetenda dhambi, au watoto wako wametenda, au unafunzwa, au hekima yake inakupita. Maneno yao ni mazuri, na mengi yangeweza kuandikwa katika kadi za pole. Na mwishoni kabisa, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao. Anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Ni hukumu ya kustaajabisha, na haijapata kuhubiriwa vya kutosha: mlalamikaji amesema kweli juu ya Mungu, mawakili wa Mungu wamesema uongo.

Wala Ayubu hapewi sababu. Msomaji anajua kilichotokea mbinguni katika sura mbili za mwanzo. Ayubu haambiwi kamwe. Mungu anamjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli kwa kumwuliza alikuwa wapi misingi ya nchi ilipowekwa, akamwonyesha nyota, mbuni, kiboko. Wengine wamekiona hicho kuwa kiburi cha mwenye nguvu. Yumkini. Lakini kuna jambo moja ambalo rafiki hawakulipata na Ayubu alilipata, nalo ni kwamba aliyelalamikiwa alikuja. Kisha anapewa watoto wengine kumi, na kitabu, kwa adabu, hakisemi kwamba aliwasahau wale wa kwanza.

Mtu aweza kupinga kwamba subira ya utenzi ina heshima kuliko kelele za Mwebrania, na kwamba umma ulioelemewa na misiba huhitaji utulivu. Pingamizi hili si la kudharauliwa, na mwenye subira ya kweli ni ngome ya jamaa yake. Ila subira ni sifa ya mwenye kuteseka. Haiwezi kuagizwa na jirani aliyeshiba. Mfiwa mwenyewe akisema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, hilo ni tendo la imani, na kila mtu na avue kofia. Akiambiwa na mwingine kabla jeneza halijashuka, ni amri ya kunyamaza. Lugha ni ile ile, mizani si ile ile. Rafiki za Ayubu walikuwa na siku saba njema, zile walizoketi naye chini bila neno, kama watu wa matanga wanavyoketi hadi leo Bukoba, Wete na Mombasa. Walianza kuharibu walipoona ni lazima waeleze.

Kuna kosa jingine, dogo kwa umbo, nalo ni la waliosalimika. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa na watu 43, iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Wavuvi walifika mwanzo kwa mitumbwi yao, na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Watu 24 walitoka hai na 19 wakafa. Ripoti ya awali ya serikali ilieleza upungufu wa vifaa na kuchelewa kwa waokoaji rasmi. Katika nchi ya walokole, ambako kushuhudia ni sehemu ya ibada tangu uamsho ulipovuka kutoka Rwanda na Uganda, haiwezekani aliyetoka hai asiseme kwamba Mungu amemwokoa. Na nani amzuie? Shukrani humtoka mtu kama pumzi baada ya kuibuka majini. Lakini ushuhuda huo ukisemwa mbele ya mjane wa aliyekuwa kiti cha mbele, hubeba kauli ya pili isiyotamkwa, kwamba mumewe hakuokolewa na yule yule aliyekuwa na uwezo. Mlango wa nyuma ulifunguka. Wa mbele haukufunguka. Je, Mungu alikuwa nyuma ya ndege tu?

Shukrani yaweza kusemwa bila ulinganisho. Aliyesalimika aweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya pumzi, na kumshukuru mvuvi kwa kasia lake, pasipo kudai kwamba alichaguliwa. Tofauti hiyo ni nyembamba kama uzi, nayo ndiyo inayotenganisha sala na majisifu. Ikumbukwe pia kwamba mvuvi hakungoja nadharia. Hakujua waliomo ni akina nani, wacha Mungu au la, wala kama walistahili.

Linabaki lile ambalo Mkristo peke yake hulisema, na ambalo msomaji Mwislamu hatalikubali, wala hapa haombwi alikubali, ila alisikie jinsi linavyofanya kazi. Mkristo anaamini kwamba Mungu mwenyewe aliingia katika mateso, na kwamba msalabani Yesu hakufa kwa utulivu wa wanafalsafa, bali alilia kwa maneno ya zaburi ya ishirini na mbili, akiuliza kwa nini ameachwa. Ni swali la Ayubu wa sura ya tatu, kinywani mwa yule ambaye Wakristo wanamwita Mwana. Naye hakujibiwa kwa maneno. Alasiri ile hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Imani hiyo haielezi kwa nini ukuta uliangukia mtoto huyu na si yule. Haifuti hata jina moja katika makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa watu wa MV Bukoba. Inachofanya ni kumpa mfiwa ruhusa: swali lake si kufuru, kwa kuwa limeshaulizwa kutoka mahali ambapo kwa Mkristo ndipo patakatifu kuliko pote. Kanisa linalomnyamazisha mfiwa kwa jina la msalaba halijausikiliza msalaba wenyewe.

Tarehe 7 Novemba 2022 majeneza ya waliokufa katika ndege yalipangwa uwanjani Kaitaba, Bukoba, ambako siku nyingine huchezwa mpira. Watu wa mji walikuja kuwaaga, na sala zikasomwa. Kisha majeneza yakapakiwa, kila moja likaenda kwake, na mengine yakashushwa kati ya migomba, karibu na milango ambayo waliomo walikuwa wakirejea kwayo.